Madini ya risasi hewani na mwilini: jinsi miale ya eksirei inavyopima kisichoonekana

Wakaazi wa Owino Uhuru, kule Jomvu, Mombasa, waliulalamikia moshi wa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kwa miaka kadhaa kabla hakijafungwa mwaka 2014. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Katika safari ndefu namna hiyo, malalamiko peke yake hayatoshi. Kesi ya sumu husimama juu ya nambari: ni kiasi gani cha madini ya risasi kilichomo hewani, mchangani na katika damu ya watoto.

Risasi inayozungumziwa hapa si ya bunduki. Ni yale madini mazito yanayotiwa ndani ya betri za gari, na yaliyokuwa yakitiwa kwenye petroli hadi nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoachana nayo kufikia Januari 2006. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu ubongo wake ungali unakua, na kwa sababu hutambaa chini na kutia mikono kinywani.

Njia za kuipima sumu hii ni kadhaa. Makala haya yanaeleza mojawapo, ile ya kutumia miale ya eksirei, ili mkaazi wa kawaida ajue inaweza kuthibitisha nini na haiwezi kuthibitisha nini.

Kila elementi na sauti yake

Eksirei tunayoijua ni ile ya hospitali, inayopita mwilini na kuacha picha ya mfupa. Aliyeigundua ni Wilhelm Röntgen, mwaka 1895. Katika upimaji huu miale haitumiki kupiga picha. Hutumiwa kuzigonga atomi za sampuli, kisha mashine ikasubiri zijibu.

Atomi ina kiini, na elektroni zinazokizunguka kwa tabaka, mithili ya nyumba ya ghorofa. Mwale ukigonga kwa nguvu za kutosha, huitoa elektroni ya ghorofa ya chini kabisa. Elektroni ya ghorofa ya juu hushuka kuziba pengo, na katika kushuka kwake hutoa mwale mwingine wa eksirei. Nguvu ya mwale huo wa pili hutegemea ni elementi gani. Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley alionyesha kuwa nguvu hiyo hupanda kwa mpangilio kamili kadiri namba ya atomi inavyopanda. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Gallipoli, akiwa na umri wa miaka 27, lakini kanuni yake ndiyo inayotumika hadi leo.

Kwa hivyo chuma hujibu kwa nguvu ya kiloelektronivolti 6.4, shaba 8.0, zinki 8.6. Mashine husikiliza majibu hayo kama vile sikio linavyotofautisha zumari na ngoma hata gizani. Nguvu ya mwale hueleza ni elementi gani, na wingi wa miale hueleza ni kiasi gani.

Kutoka moshi hadi nambari

Hewa haipimwi ikiwa inapepea. Kwanza hunaswa. Pampu huvuta hewa na kuipitisha kwenye kichujio chembamba cha plastiki ya Tefloni, na chembechembe hubakia juu yake. Zinazotafutwa zaidi ni zile ndogo, zisizozidi mikromita 2.5, kwa kuwa hizo hufika ndani kabisa ya mapafu. Kichujio hupimwa uzani kabla na baada, kisha huwekwa chini ya miale.

Tuchukue mfano wa hesabu. Pampu ikivuta lita 16.7 kwa dakika kwa saa 24, itakuwa imepitisha mita 24 za ujazo za hewa. Kichujio kikikutwa na mikrogramu 12 za risasi, gawanya kwa 24: jibu ni mikrogramu 0.5 kwa kila mita ya ujazo. Hicho ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limesema wastani wa mwaka mzima usikivuke. Marekani ni wakali zaidi: tangu 2008 wameweka mpaka wa 0.15, kwa wastani wa miezi mitatu. Lakini siku moja haitoshi kuutaja wastani wa mwaka, maana pepo za kusi na kaskazi haziupeleki moshi upande mmoja. Ndiyo maana vichujio hukusanywa kwa miezi.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba haiharibu sampuli. Njia nyingine nyingi huyeyusha kichujio kwa tindikali, na kikishayeyuka kimekwisha. Kichujio kilichopimwa kwa eksirei kinaweza kutiwa bahashani na kupimwa tena na maabara ya upande wa pili. Kwa jambo linaloelekea mahakamani, hilo ni jambo kubwa.

Faida ya pili ni kwamba kichujio kimoja hutoa elementi nyingi kwa mpigo, na zikikaa pamoja husema zimetoka wapi. Silikoni, titani na chuma huelekeza kwenye vumbi la ardhini. Potasiamu ni dalili ya moshi wa kuni na takataka. Vanadiamu na nikeli zikiandamana, mara nyingi ni mafuta mazito ya meli, jambo la kuangaliwa na anayeishi karibu na bandari kama Kilindini. Risasi nyingi pasipo vumbi jingi la kawaida huelekeza kwenye kiwanda.

Hayo yamefanyika humu humu nchini. Taasisi ya Sayansi ya Nyuklia katika Chuo Kikuu cha Nairobi imetumia eksirei kupima hewa ya jiji hilo kwa miaka mingi. Utafiti wa vichujio vilivyokusanywa kuanzia 2008 hadi 2010 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya chembechembe ndogo za Nairobi zilitokana na magari na vumbi la ardhini.

Damu na mfupa

Kwa sampuli za mwili, mambo hubadilika. Mashine ya mkononi, inayofanana na bunduki ya fundi wa kutoboa ukuta, inapima mchanga vizuri, kwani huweza kuona risasi ya miligramu chache, au kumi na kitu, katika kilo moja. Lakini kwenye damu, Shirika la Afya Duniani hutaka chanzo kitafutwe mara mtu anapofikia mikrogramu 5 kwa desilita. Hiyo ni takriban miligramu 0.05 kwa kilo, yaani chini kwa mara mia au zaidi ya kile mashine ile inachoweza kuona. Akija mtu na mashine ya mkononi akidai atapima damu ya mtoto wako, mwambie ahsante na uende maabara.

Maabarani ipo namna ya eksirei inayoona kidogo zaidi. Tone la sampuli iliyotayarishwa huchanganywa na kiasi kinachojulikana cha elementi nyingine, mara nyingi galiamu, ili iwe kipimo cha kulinganishia. Hukaushwa juu ya kioo cha kwatzi, kisha miale huletwa kwa pembe ndogo sana, karibu ilale juu ya kioo. Hata hivyo, kwa damu ya wagonjwa hospitali nyingi hutumia vifaa vya aina nyingine, na si vibaya.

Pale ambapo eksirei ina lake ni mfupani. Risasi ikiingia damuni, nusu yake huondoka kwa takriban mwezi mmoja, lakini sehemu kubwa huhamia mifupani na kukaa huko miaka, hata miongo. Damu hueleza habari za karibuni. Mfupa umeweka daftari la zamani. Kwa mashine maalumu inayoelekezwa kwenye muundi, risasi iliyo mfupani hupimwa bila kumchoma mtu sindano, kwa muda wa nusu saa hivi. Kwa hiyo mtu aliyeondoka karibu na kiwanda miaka kumi iliyopita, damu yake ikionekana nzuri leo, haimaanishi hakuwahi kudhurika.

Mipaka ya kujua

Eksirei huhesabu elementi, haielezi imejifunga na nini. Pia haizioni kaboni, haidrojeni wala oksijeni katika kipimo cha kawaida, kwa hiyo sumu za moshi wa plastiki haziwezi kutajwa kwa njia hii. Na kuna elementi zinazofanana sauti: mwale mkuu wa risasi na ule wa aseniki zote ziko karibu kiloelektronivolti 10.5. Mpimaji asiye makini anaweza kuiita moja kwa jina la nyingine. Makini huangalia mwale wa pili wa risasi, ulio 12.6.

Nywele na kucha nazo hupimika, ila vumbi la nje hushika kwenye nywele, na kuosha hakuliondoi lote. Nywele za fundi wa betri zaweza kusema mengi kuhusu karakana kuliko kuhusu mwili wake.

Sampuli yenyewe haibaki na mionzi baada ya kupimwa. Hata hivyo, mashine haichezewi. Hapa Kenya vifaa vya mionzi viko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia.

La kudai

Mtaa ukitaka kupimiwa, udai mambo manne. Kwanza, matokeo yaandikwe pamoja na tarehe, mahali, muda wa pampu na kiwango cha chini ambacho mashine inaweza kuona. Pili, vichujio na mchanga uliobaki vihifadhiwe. Tatu, kipimwe na mtaa wa kulinganisha. Takriban mwaka mmoja baada ya kiwanda kufungwa, watoto wa Owino Uhuru walilinganishwa na wa kijiji cha Bangladesh, hapo hapo Mombasa: wastani wa risasi damuni ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita upande mmoja, na 3.7 upande wa pili. Bila ile nambari ya pili, ya kwanza ingekuwa rahisi kubishiwa.

La nne ndilo linalosahauliwa sana: kipimo cha kabla. Kiwanda kinapoombewa leseni, ndipo hewa na mchanga wa mtaa vipimwe na matokeo yawekwe mikononi mwa wakaazi. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na miaka ya mahakamani, na moshi ukishaanza kufuka, nambari hiyo ya kabla haipatikani tena.