Asili ya Njia na Kontrola katika Tovuti

Mara iliyopita tulisema kwamba seva ni kompyuta inayokaa mahali fulani ikijibu maombi ya watu. Leo nataka kuwaelezeni jambo moja tu: ombi likifika kwenye seva, nani hulipokea, naye hujuaje pa kulipeleka?

Zamani hapakuwa na mpokeaji. Bwana Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN karibu na mji wa Geneva, alitoa shauri la mtandao wa tovuti mwaka 1989, na mwaka 1991 watu wa nje wakaanza kuutumia. Siku zile anwani ya ukurasa kwa kawaida ilikuwa jina la faili tu. Uliandika anwani, seva ikaenda kwenye kabati lake, ikatoa faili la jina hilo, ikakupa. Kazi rahisi, lakini ilikuwa na taabu yake. Mwenye tovuti akilihamisha faili, kila aliyeiandika anwani ile daftarini mwake alipotea. Ni kama kumwambia mgeni, "Nyumba yangu ni ile yenye baiskeli nje." Siku baiskeli ikiondoka, mgeni hafiki.

Mwaka 1993, mafundi wa NCSA katika jimbo la Illinois, Marekani, walileta utaratibu uitwao CGI. Sasa anwani iliweza kuamsha programu. Hata hivyo, mara nyingi anwani ilibaki kuwa jina la faili la programu, na ndani ya faili moja mambo yote yalichanganywa: kusoma ombi, kutafuta habari, kupanga maandishi ya ukurasa. Fundi alikuja kurekebisha kichwa cha habari, akaondoka ameharibu hesabu.

Dawa ya mchafuko huo ilikuwa imekwisha patikana, ila mahali pengine. Bwana Trygve Reenskaug, Mnorwei aliyekuwa ametengeneza programu za kusaidia uundaji wa meli, alikaa na watafiti wa Xerox huko Palo Alto, California, mwaka 1978 na 1979. Baada ya mazungumzo marefu, hasa na Bibi Adele Goldberg, yalichaguliwa majina matatu: modeli, inayoshika habari zenyewe, mwonekano, unaozionyesha, na kontrola, inayopokea amri za mtu. Kwake yeye kontrola ilishughulika na kibodi na kipanya. Watu wa tovuti waliliazima jina baadaye, wakaipa kontrola kazi ya kupokea maombi. Wako wanaobisha mpaka leo kwamba hawakuliazima sawasawa. Mimi naona walifanya vema.

Mwaka 2004 Bwana David Heinemeier Hansson, Mdenishi, alitoa kiunzi kiitwacho Ruby on Rails. (Neno kiunzi mafundi wa majahazi wanalijua: ndiyo mifupa ya chombo kabla ya kupigiliwa mbao.) Mwaka uliofuata kikatoka Django, kilichozaliwa katika ofisi ya gazeti mjini Lawrence, Kansas. Katika viunzi hivi anwani huandikwa katika orodha yake, mbali na faili. Kila mstari wa orodha hiyo ni njia.

Chukueni kalamu. Nitasoma polepole njia moja ya Rails:

get "/vitabu/:namba", to: "vitabu#onyesha"

Maana yake: mtu akiomba anwani inayoanza na vitabu, kisha neno lolote, ombi lake lipelekwe kwa kontrola ya vitabu, kwenye kazi iitwayo onyesha. Zile nukta mbili mbele ya namba ni nafasi tupu. Anachoandika mtu ndicho kinachoijaza. Kontrola huichukua namba hiyo, humwuliza modeli, "Kitabu hiki kipo?", kisha humkabidhi mwonekano jibu. Faili za ndani mwaweza kuzihamisha mpendavyo. Mkiutengeneza mstari huu, anwani aliyoiandika mtu daftarini itabaki ile ile.

Lakini angalieni: orodha husomwa kutoka juu kwenda chini, na njia ya kwanza inayolingana ndiyo inayochukua ombi. Hapo ndipo mimi mwenyewe niliaibika. Nilitengeneza tovuti ndogo ya vitabu vya kujifunzia kusoma. Chini ya mstari ule nikaandika huu:

get "/vitabu/vipya", to: "vitabu#vipya"

Nikaondoka nikijua kazi imekwisha. Baada ya siku chache mwalimu mmoja alinipigia simu. "Bwana Elimu, wanafunzi wangu wametembea mpaka kwenye kompyuta, nao wanaambiwa vitabu vipya hakuna." Vitabu vilikuwapo! Kumbe mstari wa juu ulikuwa umelinyakua ombi. Neno "vipya" lilijaza nafasi ya namba, kontrola ikatafuta kitabu chenye namba "vipya", nacho hakipo. Jibu likawa 404, yaani hakikupatikana. Niliupandisha mstari wa chini ukawa juu, basi. Dakika moja. Darasa lile lilikuwa limekwisha rudi nyumbani mikono mitupu.

Kabla ya somo lijalo, andikeni njia mbili za tovuti ya mazao: moja ya zao lolote kwa jina lake, nyingine ya bei za leo. Mwenzako akuulize ipi imetangulia, nawe umweleze kwa nini. Kwaherini.