Walituachia hela, biskuti wakaondoka nazo

Ukitaka kujua nani alikaa kwenu zamani, usiangalie majengo tu. Sikiliza maneno. Sisi Warundi pesa tunaita amahera. Neno hilo limetoka kwenye Heller, sarafu ndogo ya Wajerumani iliyoanza kutumika Afrika Mashariki mwaka 1904, heller 100 kwa rupia moja. Waswahili waliiita hela. Ishure ya Kirundi na shule ya Kiswahili ni Schule ya Kijerumani. Lakini umukate, isukari na icayi si vya Wajerumani. Ni mkate, sukari na chai, maneno tuliyopokea kwa Waswahili.

Basi mimi najiuliza swali la jikoni. Wajerumani walikaa Burundi karibu miaka ishirini. Mbona walituachia neno la pesa na neno la shule, ila hakuna hata biskuti moja?

Biskuti wanazo, tena nyingi. Mfanyakazi mmoja wa shirika, mama wa Kijerumani, alitueleza sisi vijana wa kundi letu jinsi kwao wanavyooka Desemba, kabla ya Noeli. Moja inaitwa Vanillekipferl, na Waaustria nao wanaioka. Umbo lake ni kama mwezi mwandamo. Vipimo ni hivi: unga wa ngano gramu 280, siagi 210, lozi zilizosagwa 100, sukari 70, na vanila. Hakuna maji. Siagi inazunguka unga, donge halivutiki kama la chapati, ndiyo maana biskuti inavunjika laini mdomoni. Wana nyingine inaitwa Zimtsterne, nyota za lozi na mdalasini, na mikate ya asali inayotiwa karafuu. Karafuu hiyo, miaka ile ya ukoloni, sehemu kubwa ya dunia iliipata kutoka Unguja na Pemba. Yaani harufu ya Noeli ya Ulaya ilikuwa inatoka huku kwetu Afrika Mashariki.

Lozi yenyewe hatuna. Mlozi unataka baridi ya kutosha ili uchanue, na kiangazi kikavu. Pwani ya Tanganyika haina baridi ya namna hiyo. Hata neno lozi ni la Kiarabu, liliingia Kiswahili kwa biashara ya bahari, sio kwa Wajerumani.

Sasa twende kwenye historia. Wajerumani walijenga kituo cha jeshi Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, mwishoni mwa miaka ya 1890. Walipigana na Mwami Mwezi Gisabo mpaka akakubali mkataba wa Kiganda mwaka 1903. Mwaka 1912 wakahamishia makao yao Gitega, na mwaka 1916 Wabelgiji wakawafukuza. Walikuwa wachache sana, na walitawala kupitia mwami na watware wake. Mrundi alikutana nao kwenye kodi, kwenye kazi ya kubeba mizigo, au kwenye bunduki. Mezani hakuitwa. Kwa hiyo neno la kodi likabaki, neno la mezani likaondoka na wenyewe.

Rumonge ilikuwa tofauti. Waswahili walifika pwani ya ziwa wakitokea Ujiji, kwa mitumbwi na majahazi. Siwasifii wote. Rumaliza wa Ujiji alitafuta pembe na watumwa, na Warundi walimpinga kwa silaha. Ila baada ya vita hivyo kuna watu walibaki, wakaoa, wakajenga misikiti, wakauza sokoni pamoja na wavuvi wa ndagala na mukeke. Jirani anakuomba moto, unamwomba chumvi, mtoto wake anakula kwako. Hivyo ndivyo mkate unavyoingia kwenye lugha ya mtu. Mtawala anaacha neno la kulipa, jirani anaacha neno la kula.

Na sisi tuliwapa nini Wajerumani? Rumonge ni nchi ya michikichi, kila mtu anajua. Siku za ukoloni, viwanda vya Hamburg na Harburg vilikamua mise kutoka Afrika, hasa Afrika Magharibi, na mafuta yake yakaingia kwenye majarini. Mama wa Kijerumani asiyeweza kununua siagi aliweza kuokea majarini. Mchikichi ulifika kwenye jiko la Ulaya kabla biskuti ya Ulaya haijafika kwetu.

Kwa hiyo tulijaribu kuoka kwa njia yetu hapa kambini Nyarugusu. Lozi tuliweka karanga, zikakaangwa na kutwangwa kwenye kinu. Siagi tuliweka mawese, tukaikanda asubuhi na mapema wakati bado imeganda. Vanila tuliweka mdalasini. Oveni ilikuwa sufuria kubwa yenye mchanga chini, sahani ya bati juu ya mchanga, kifuniko, na makaa machache juu ya kifuniko. Zilitoka na rangi ya machungwa, na harufu ya mawese ilisikika. Bibi mmoja wa Rumonge alionja akasema, "Hii ni ya kwetu, mmeikunja tu."

Bibi huyo alikimbia mara ya kwanza mwaka 1972. Vita vilianza Rumonge na Nyanza-Lac tarehe 29 Aprili, halafu jeshi likaua watu nchi nzima. Maelfu kwa maelfu walivuka kuja Tanzania, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba mengi ya michikichi waliyoacha yalipewa watu wengine, na kesi za ardhi hizo zimeendelea miaka mingi. Shamba lina mpaka, mnaweza kulibishania mbele ya tume. Ujuzi wa kukamua mawese, kujua lini yanafaa kwa maharage na lini kwa sabuni, hauna tume. Ukipotea hakuna wa kuurudisha.

Mwaka 2015 sisi tulifika Kagunga, tukachukuliwa na meli ya Liemba hadi Kigoma. Meli hiyo ni ya Wajerumani. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa ziwani Kigoma mwaka 1915 kwa ajili ya vita. Waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Meli ya vita ikaja kubeba wakimbizi. Hicho nacho walituachia bila kukusudia.

Hivi sasa familia nyingi zinarudi Burundi. Wenye vyungu wanaondoka na vipimo vyao kichwani. Ndugu zangu wa mashirika, mnatuandika kwa idadi, kwa umri na kwa kadi ya chakula. Tusaidieni daftari na kalamu tuandike na hili: nani anapika nini, alifundishwa na nani, katika kijiji gani. Na wewe kijana, kabla bibi yako hajapanda basi, muulize mawese anaweka vijiko vingapi. Akikwambia "kiasi tu", shika mkono wake na kijiko, upime.