Hamamu, Daraja na Uteja Melini

Tangazo la meli ya utalii likifasiriwa neno kwa neno, humwarifu msomaji kwamba "mwanachama mwaminifu atapunguziwa bei ya matibabu". Mwanafunzi wetu wa Dzaleka, au wa Nsungwi mjini Lilongwe, akisoma hayo atadhani kwamba meli ile ni hospitali inayowauguza wacha Mungu. Kumbe kinachouzwa ni kukandwa mwili, kusingwa, kutengenezwa nywele na kucha, na kukaa katika chumba cha mvuke. Na huyo aitwaye mwaminifu ni msafiri aliyekwisha kulala katika meli za kampuni hiyo usiku mwingi, basi. Sisi walimu tumeona yafaa kuifuata historia ya jambo hili, maana kila neno lililomo lina njia yake ndefu.

Tuanze na mwili. Watu wa pwani hawakungoja Wazungu wawafundishe kusinga: singo, liwa na dalia ni maneno ya nyumbani, hasa katika nyumba ya arusi. Neno "spa" ni jina la mji mdogo wa Ubelgiji uliosifika kwa chemchemi zake, na Waingereza wakaligeuza jina hilo kuwa la kila mahali pa namna ile. Sisi tunalo neno hamamu, lililotujia kutoka Kiarabu, na mjini Unguja mtaa mzima unaitwa Hamamni. Hamamu yenyewe ilijengwa katika enzi ya Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Ilikuwa na vyumba vya maji moto na maji baridi na mahali pa kunyolewa, na ilikuwa ya watu wote, si ya jumba la Sultani, almuradi mtu awe na ada ya kuingilia. Ilifanya kazi hadi 1920. Tunapendekeza kwa walimu wenzetu kwamba neno hili lirejeshwe kazini. "Hamamu ya melini" hueleweka mara moja, na halimtishi mtu kwa harufu ya dawa.

Hamamu ilipanda melini mapema. Titanic, iliyozama Aprili 1912, ilikuwa na hamamu ya Kituruki, na tikiti yake iliuzwa shilingi nne za Kiingereza. Wanawake walikuwa na saa zao za asubuhi, na wanaume zao za mchana. Lakini shilingi nne peke yake hazikutosha, kwani shurti mtu awe abiria wa daraja la kwanza. Abiria wa daraja la tatu hata akiwa na fedha hiyo mkononi, mlango haukuwa wake.

Hapa ndipo penye fundo la maneno yetu. Daraja ni kitu cha kuvukia mto, na pia ni cheo. Katika meli za zamani daraja lilinunuliwa kwa tikiti, nalo likaisha siku ya kushuka. Tangu 1958 ndege za jeti zilipoanza kuvusha abiria juu ya Bahari ya Atlantiki, wasafiri wenye haraka walizihama meli, na kampuni zikalazimika kuiuza safari yenyewe kama starehe. Mtu wa starehe halazimiki kurudi, kwa hiyo yapasa avutwe. Wenye maduka wa Marekani walikuwa wamekwisha kuivumbua hila hiyo: tangu 1896 kampuni ya Sperry & Hutchinson iliwauzia stempu za kuwapa wanunuzi, ambao walizikusanya na kuzibadilisha kwa bidhaa. Mwaka 1981 shirika la ndege la American Airlines likaanza kuwahesabia abiria wake maili. Kampuni za meli nazo zinahesabu usiku.

Mathalani, katika chama cha wasafiri wa Royal Caribbean, kwa kanuni zilizozoeleka miaka mingi, usiku mmoja ni pointi moja, na anayelala katika vyumba vya fahari huhesabiwa mara mbili. Ngazi ya mwanzo inaitwa Dhahabu (ajabu ya kampuni hizi ni kuianza dhahabu chini!), ya Almasi hufikiwa kwa pointi 80, na ya juu kabisa kwa pointi 700, yaani karibu miaka miwili ya umri wa mtu juu ya maji. Hivyo daraja halikuondoka melini. Limeacha kuwa kitu cha safari moja, likawa cheo anachorudi nacho mtu nyumbani, kisha kinamwita tena.

Katika hamamu cheo hicho hugeuka kuwa punguzo, na hapo inafaa mtu asome kwa makini. Mara nyingi hamamu si mali ya mwenye meli. Huendeshwa na kampuni nyingine kwa mkataba, na iliyo kubwa katika biashara hiyo ni OneSpaWorld, ambayo hisa zake zilianza kuuzwa katika soko la Nasdaq mwaka 2019. Punguzo la mwanachama kwa kawaida hutolewa siku ambayo meli imetia nanga bandarini. Sababu yake ni nyepesi: siku hiyo wasafiri wameshuka kutembea, vitanda vya kukandia vi vitupu, na wakandaji wamekaa bure. Siku ya bahari kuu, ambapo kila mtu amefungwa melini, bei husimama. Aidha, punguzo hilo aghalabu haliunganishwi na jingine, na bakhshishi ya mkandaji huongezwa katika hesabu bila kuulizwa. Kwa maoni yetu, hii si zawadi ya uaminifu. Ni bei ya kitanda kitupu iliyovishwa nguo ya shukrani.

Msomaji atauliza, meli hizo zatuhusu nini sisi wa bara? Zatuhusu kwa nasaba. Meli Quantum of the Seas ya Royal Caribbean, ichukuayo wasafiri zaidi ya 4,000, ilitoka mwaka 2014 katika karakana ya Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Karakana hiyo hiyo ndiyo iliyoijenga mwaka 1913 meli iliyoitwa Graf von Götzen. Meli hiyo ilivunjwa vipande, ikafungwa katika makasha, ikapelekwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, Waingereza wakaiinua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilala yetu ya Ziwa Malawi ina kisa cha namna hiyo: ilijengwa Uskoti 1949, ikaletwa vipande vipande, ikaanza safari 1951. Zote mbili zilijulikana kwa madaraja yake, tangu vyumba vya kulala hata sakafu ya chini, ambako watu walilala kati ya magunia na kuku. Hamamu hazina.

Mwaka 1997 Liemba ilirudisha Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000. Mwaka 2015 ikawachukua Warundi kutoka Kagunga hadi Kigoma, wapata 600 kwa safari moja. Hakuna aliyehesabiwa pointi. Wako katika Dzaleka watu wa Uvira, Fizi na Bujumbura ambao Ziwa Tanganyika ni sehemu ya njia yao, na wanaozijua meli kwa namna hiyo tu.

Nao pia wanajua uteja. Mteja si mnunuzi wa siku moja. Mganga ana wateja, na kinyozi ana wateja, watu waliomfungamana naye. Katika vibanda vya Nsungwi, mwenye kurudi hupunguziwa bila kadi: msusi anakijua kichwa, kinyozi anakumbuka deni na jina la mtoto. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokaa mijini warudi Dzaleka, kambi iliyofunguliwa 1994 kwa watu wapatao 10,000 na ambayo sasa inawakaza zaidi ya 50,000. Mwenye saluni aliyerudi aliweza kubeba kioo, mashine ya kunyolea na viti. Wateja walibaki Lilongwe, na kambini akaanza kuzijua nyuso upya, kichwa kimoja kimoja.