HISTORIA NA NESI, sehemu ya 5: Mozart wa tumboni

Mamaz, wiki hii mjamzito mmoja kaninong'oneza kliniki: "Nesi, nikimwekea Mozart tumboni, mtoto atakuwa na akili kweli?" Kumbe anataka kununua hedifoni za tumboni kwa hela aliyoweka ya kujifungulia! Nikavuta kiti. Kaa mdogo wangu, nikupe historia.

Mwaka 1993, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwasikilizisha wanafunzi 36 wa chuo sonata ya Mozart kwa dakika 10. Wakafanya vizuri zaidi kwenye maswali ya maumbo, kisha faida ikayeyuka ndani ya robo saa hivi. Umeona? Wanafunzi wa chuo, watu wenye ndevu zao! Kichanga hakuwepo hata mmoja.

Lakini habari ikipita midomo mingi hunenepa. Mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, Zell Miller, akaomba dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe kanda au CD ya muziki wa klasiki. Baadaye, mwaka 2010, watafiti wa Vienna, mji alikofia Mozart mwenyewe, wakajumlisha tafiti karibu 40. Ushahidi kwamba Mozart anaongeza akili? Hawakuuona.

Sasa twende nyumbani kwa mwenye muziki. Mozart na mkewe Constanze walizaa watoto 6. Hao Mozart walikuwa naye laivu, bure, bila hedifoni! Wanne hawakufikisha hata mwaka. Waliokua ni wawili: mmoja akawa mwanamuziki, mwingine mtumishi wa serikali. Baba yao naye aliugua ndui akiwa na miaka 11, akapona kwa bahati. Chanjo ya ndui ilikuja 1796, miaka 5 baada ya kifo chake.

Yaani nyumba ile ilikuwa na kila noti, ila haikuwa na chanjo hata moja. Wewe kadi ya kliniki unayo mkononi. Usikose tarehe, na hela ya kujifungulia iache palepale.

Muziki? Miezi ya mwisho mtoto anakusikia tumboni. Ongea naye, mwimbie.

Dada akacheka: "Nesi, mimi sauti yangu mbaya!"

Mwimbie tu. Huyo hajasikia nyingine tamu kuliko yako.