Baga ya Nairobi hupitia Madogo

Kila Jumatano, soko la mifugo la Garissa likishamaliza shughuli zake, malori ya ng'ombe huvuka daraja la mto Tana, hupita Madogo na kushika barabara ya Mwingi hadi Nairobi, mwendo wa kilomita 370 hivi. Mengine hukata kusini kupitia Hola na Garsen kwenda Mombasa. Huko Nairobi vijana wanashindana kutafuta baga tamu kuliko zote, na ubishi wao ni wa mkate, jibini na achari. Nyama haitajwi, kana kwamba ilizaliwa jikoni. Ubishi huo ningeuanzia hapa Madogo, mji mdogo wa Kaunti ya Tana River unaotazamana na Garissa, kwa sababu sehemu kubwa ya historia ya nyama ya jiji imevuka daraja hili.

Baga yenyewe ni mgeni wa juzi. Jina limetokana na mji wa Hamburg, Ujerumani, lakini walioigeuza kuwa biashara ni Wamarekani. White Castle ilifunguliwa Wichita, Kansas, mwaka 1921. Ndugu wawili wa McDonald huko San Bernardino, California, walipanga upya jiko lao mwaka 1948: vyakula vichache, bei ya chini, mteja hangoji. Uingereza iliipata baga kwa Wimpy, London, mwaka 1954, na wakazi wengi wa Nairobi waliijua kwa jina hilohilo la Wimpy, miaka mingi kabla Burger King haijafika mwaka 2016. McDonald's haina duka Kenya.

Nyama ya ng'ombe ya nchi hii ilikuwa imeshapiganiwa kabla Wimpy haijafika. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwapunguza Wakamba mifugo kwa nguvu, ikidai ng'ombe wamezidi na ardhi inachakaa. Wakati huohuo kampuni ya Liebig ilikuwa imeweka kiwanda Athi River, na ng'ombe walionyang'anywa waliuzwa kwa bei ya kutupa. Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kumtaka Gavana awasikilize, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Serikali ililegeza kamba, lakini Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Athi River ndiko pia yalikowekwa makao ya Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, ilipoundwa mwaka 1950.

Ukingoni mwa Tana, minyororo ilikuwa ya aina nyingine. Garissa ilikuwa ndani ya NFD, eneo la mpaka wa kaskazini lililofungwa kwa sheria ya mwaka 1902 na kukazwa tena mwaka 1934. Watu waliingia na kutoka kwa kibali. Mifugo iliwekewa karantini ndefu kwa hoja ya homa ya mapafu, na sioni ubishi kwamba walionufaika ni walowezi, kwani mshindani wao alizuiwa mlangoni. Madogo ilihesabiwa Pwani. Hivyo mtu aliyesimama ukingo huu na ndugu yake wa ukingo wa pili walikuwa katika mikoa miwili, ingawa maji wanayonyweshea mifugo ni yaleyale.

Uhuru haukuleta nafuu ya haraka. Vita vya Shifta, vya 1963 hadi 1967, vilileta sheria za hali ya hatari zilizoifunika Tana River na Lamu pamoja na Kaskazini Mashariki, na hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Mwaka huohuo wa 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu. Wafugaji wa bonde la Juba, ambao sasa hawakuwa na soko la uhakika kwao, waliwageuza ng'ombe kuelekea Garissa. Soko likafura hadi likawa mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki, na barabara ya Madogo ikawa mshipa wa nyama ya Nairobi.

Ng'ombe wa ukingo huu anastahili kutajwa kwa jina. Ni Borana wa Waorma, wafugaji wa Tana River; ana nundu, anayetembea mbali kutafuta maji na kunenepa upesi mvua ikinyesha. Miaka ya 1980, watafiti katika ranchi ya Galana walimlinganisha na Borana wa mashamba makubwa, wakaona wa Waorma anaustahimili vizuri zaidi ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Uwezo huo haukutoka maabara. Waorma wamechunga kwenye vichaka vya mbung'o vizazi na vizazi, ng'ombe dhaifu wakafa, wenye nguvu wakabaki wakazaa.

Na kwa mpishi wa baga nundu ndiyo siri. Nyama ya kusaga inahitaji mafuta, takribani sehemu moja kwa tano, la sivyo hukauka motoni na kumeguka. Ng'ombe wa malisho huwa mkavu pajani, ila nundu yake ni nyama iliyofumana na mafuta. Omba shingo, omba nundu, zisagwe pamoja mara moja tu, na chumvi itiwe wakati kikaango kimeshapata moto. Ngamia naye huhifadhi mafuta yake nunduni, kwa hiyo anayetaka baga ya ngamia bila kuchanganya nundu anajitafutia kiatu. Ulaji wa ngamia katika nchi hizi ni wa kale: msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba wenyeji walichinja ngamia kwa mamia kila siku.

Watu wa Madogo na Garissa hawakungoja baga ili wajue kuikata nyama ndogondogo. Wana nyirinyiri. Nyama hukatwa kanda ndefu nyembamba, huanikwa mpaka ikauke, kisha hukatwakatwa vipande vidogo sana na kukaangwa polepole hadi unyevu wote uishe. Hutiwa hiliki, huzamishwa kwenye samli na kufunikwa vizuri. Haihitaji friji, na hukaa wiki nyingi bila kuharibika. Asubuhi huteremshiwa anjera na chai ya maziwa. Kwangu mimi hiki ni chakula kikuu kabisa cha nyama katika barabara yote hii, na nasikitika kwamba mikahawa mingi ya Nairobi inayojisifu kwa ubunifu haijawahi kukijaribu ndani ya mkate.

Barabara hii huilipia nyama ya Nairobi kwa gharama kubwa. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, Homa ya Bonde la Ufa iliua watu na mifugo Garissa na kandokando yake. Ikarudi mwishoni mwa mwaka 2006, na kufikia mwaka uliofuata zaidi ya watu 150 walikuwa wamekufa nchini. Uchinjaji ulipigwa marufuku, soko likafungwa, mabucha yakakaa matupu. Mafuriko ya Novemba 2023, kisha ya Aprili na Mei 2024, yaliikata barabara kati ya Madogo na Garissa. Abiria walivushwa kwa boti, na mwishoni mwa Aprili 2024 boti moja ilipinduka, watu wakapoteza maisha. Mfugaji aliyekuwa na ng'ombe wa kuuza alikaa nao, wakikonda.

Januari 2022, KFC Kenya ilipoishiwa viazi kwa sababu ilikuwa ikiviagiza kutoka nje, wananchi walikuja juu: kwa nini visinunuliwe Nyandarua? Lilikuwa swali la haki, na kampuni ikalazimika kujibu. Sijasikia mteja wa baga akiuliza hivyo kuhusu nyama. Menyu za Nairobi huandika kwamba kahawa imetoka Nyeri au Kirinyaga. Ziandike basi kwamba nyama imetoka Tana River, na Mworma aliyemchunga ng'ombe huyo apate bei inayolingana na jina hilo.