Randa na Kalamu: Ufundi katika Misheni za Ziwa Victoria



Juma lililopita alifika ofisini kwangu mama mmoja wa kigango cha jirani, amefuatana na kijana wake. Kijana alikuwa amemaliza kidato cha nne, na matokeo hayakuwa mazuri. Mama aliketi, akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Padre, mwanangu ndiyo basi tena. Wanasema aende ufundi.” Alilitamka neno hilo kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Kijana aliinamisha kichwa, akabaki akitazama viatu vyake.

Nilimpa mama maneno ya faraja, kama ilivyo desturi yetu mapadre. Walipoondoka ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimekosea. Kwa nini nimfariji? Je, kuna mtu aliyekufa? Swali hilo limenisumbua juma zima. Nimeona nilitafute jibu lake katika historia yetu sisi watu wa Kanda ya Ziwa, kwa sababu aibu ile niliyoiona usoni mwa kijana haikuanza naye.

Tuanze mwanzo kabisa. Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, lilianzishwa mwaka 1868 huko Algiers na Askofu Mkuu Charles Lavigerie. Miaka kumi baadaye msafara wao wa kwanza uliondoka Bagamoyo, ukapita Tabora, na mwishoni mwa mwaka 1878 wale waliotumwa Nyanza wakafika Kageyi, kwenye ufuko wa kusini wa ziwa, mashariki ya Mwanza ya leo. Walikuwa watano: mapadre Livinhac, Lourdel, Girault na Barbot, pamoja na Bruda Amans Delmas. Lourdel na Bruda Amans wakatangulia kuvuka ziwa kwa mtumbwi, na tarehe 17 Februari 1879 wakatia nanga Buganda.

Naomba tusiipite habari hii haraka. Wawili wa kwanza kufika Buganda walikuwa padre mmoja na bruda mmoja. Kwa desturi ya shirika lile, bruda ndiye aliyebeba kazi za mikono: kujenga, kuchonga mbao, kulima bustani, kutengeneza kilichoharibika. Basi tangu siku ile ya kwanza kitabu na nyundo vilisafiri katika mtumbwi mmoja.

Mwishoni mwa mwaka 1882 wamisionari walilazimika kuondoka Buganda kwa kuhofia usalama wao. Walivuka ziwa kurudi kusini, wakiwa na watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Misungwi. Watoto wale hawakuwa na ukoo wa kuwarithisha shamba wala ng’ombe. Walihitaji imani, na walihitaji pia namna ya kujipatia riziki. Kwa hiyo misheni iliwafundisha katekisimu, na ikawafundisha kulima na kufanya kazi za mikono. Kwa mtoto aliyetoka mnyororoni, kushika jembe au msumeno kwa ajili yake mwenyewe kulikuwa sehemu ya ukombozi wake.

Lavigerie alikuwa na fikra pana zaidi. Aliamini kwamba Afrika ingeinjilishwa na Waafrika wenyewe, na kwamba si kazi ya mmisionari kumgeuza Mwafrika kuwa Mzungu. Mwaka 1881 alifungua chuo katika kisiwa cha Malta ili vijana waliokombolewa utumwani wasomee uganga wa kisasa. Mmoja wao aliitwa Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na wamisionari. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawa tabibu na katekista. Alitibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67 mahali pamoja. Ujuzi wa Atiman ulikuwa wa mikono: kufunga majeraha, kupasua majipu, kuchanganya dawa. Lakini hakuna aliyemwita Atiman mtu aliyeshindwa. Kwa nini? Kwa sababu ujuzi wake alipewa kwa ukamilifu, pamoja na elimu yake ya ndani, na watu waliuona ukiokoa maisha.

Ufundi ulipoteaje heshima hiyo? Naona hatua tatu.

Hatua ya kwanza, lazima niikiri, ilianzia ndani ya nyumba yetu wenyewe. Mwaka 1894 Vikarieti ya Nyanza Kusini iliwekwa chini ya Askofu Yohane Yosefu Hirth, na mwanzoni mwa karne ya 20 seminari ikaanzishwa Rubya, katika nchi ya Wahaya. Ilikuwa kazi kubwa na yenye baraka. Vijana wa Kiafrika walisoma Kilatini na falsafa wakati ambapo serikali ya kikoloni haikuwaza kabisa kuwapa elimu ya namna hiyo. Kutoka katika shule hizo alipatikana Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, akasoma katika misheni ya Kagunguli na kisha Rubya. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe riwaya yake kubwa ya Myombekere na Bugonoka, ambayo kwa Kiswahili ilichapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Nani atajuta kwamba Kitereza alipewa kalamu?

Lakini ngazi ilikuwa imesimikwa. Mwanafunzi hodari wa shule ya misheni alipelekwa seminari. Aliyebaki alifikiriwa ukatekista au ualimu. Karakana ya bruda ikawa mahali pa wale ambao hawakupanda ngazi. Hata katika makao ya misheni, padre ndiye aliyeongoza, na bruda, hata kama ndiye aliyelijenga kanisa kuanzia msingi hadi kenchi, hakuwa na sauti sawa. Wakristo wetu hawakuwa vipofu. Waliona nani anakaa wapi mezani.

Hatua ya pili ililetwa na serikali ya kikoloni ya Kiingereza. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones kutoka Marekani, ilizunguka Afrika Mashariki na kushauri kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na mazingira yake ya kijijini: kilimo, afya, kazi za mikono. Mwaka uliofuata London ilitoa tamko la sera ya elimu lililofuata njia hiyo, na shule za misheni zilizotimiza masharti zikaanza kupewa ruzuku. Mwaka 1928 mjumbe wa Baba Mtakatifu, Arthur Hinsley, aliyekuja baadaye kuwa Kardinali wa Westminster, aliwakusanya viongozi wa Kanisa Dar es Salaam akawahimiza washirikiane na serikali kwa nguvu zao zote, hata shule itangulie ujenzi wa makanisa pale ambapo haviwezekani vyote viwili.

Ukiisoma kwenye karatasi, sera ile ilikuwa na busara. Lakini wazazi waliielewa kwa namna nyingine. Waliona kwamba karani aliyejua Kiingereza alilipwa vizuri kuliko seremala, na kwamba wale waliosifu jembe kwa ajili ya mtoto wa Mwafrika hawakulisifu kwa ajili ya watoto wao. Ndiyo maana wengi walidai Kiingereza na kalamu. Tumezoea kusema kwamba wazee hao walidanganywa na usasa. Mimi nadhani walipiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi. Mafunzo ya mikono yaliyotolewa bila sayansi, bila mshahara wa haki na bila njia ya kusonga mbele yalikuwa dari, si ngazi.

Hatua ya tatu ni yetu wenyewe baada ya Uhuru. Mwalimu Julius Nyerere, aliyebatizwa mwaka 1943 katika misheni ya Nyegina karibu na Musoma, aliliona tatizo hili kwa uwazi. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alilaumu elimu inayomfanya kijana adharau kazi ya mikono na kujiona bora kuliko wazazi wake wakulima. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule nyingi za mashirika ya dini mikononi mwa serikali. Seminari zilibaki kwetu. Mwaka 1974, hapa hapa kandokando ya ziwa letu, Azimio la Musoma likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, na katika miaka hiyo vikaanzishwa vituo vya ufundi kwa waliomaliza darasa la saba.

Nia ilikuwa njema. Lakini nani alipelekwa katika vituo vile? Wale ambao hawakuchaguliwa kwenda sekondari. Na shuleni, mara nyingi jembe likawa adhabu ya mchelewaji. Mtoto akisikia “nenda kalime” kila anapokosea, atajifunza nini kuhusu kilimo? Basi Mwalimu alihubiri heshima ya kazi, nasi tukaendelea kuigawa kama makombo.

Wapendwa, hapa naomba niseme jambo la nyumbani. Marehemu baba yangu alikuwa seremala. Alijifunza kazi hiyo ujanani katika karakana ya misheni, kwa bruda mmoja Mholanzi aliyekuwa mkali sana juu ya vipimo. Meza tuliyolia chakula, vitanda vyetu, hata mabenchi ya kigango chetu, vyote vilitoka mikononi mwake. Nikiwa na miaka minane hivi, nilichukua randa yake nikajaribu kulainisha kipande cha mninga. Alikuja, akaichukua taratibu, akasema: “Hii si yako, baba. Wewe soma.” Aliniita “baba” kwa sababu nilibeba jina la baba yake. Hakunigombeza. Lakini tangu siku hiyo hakunifundisha hata kunoa patasi. Nami sikumwomba. Nilikwenda seminari, na leo mimi ni padre ambaye hawezi kutengeneza mlango wa sakristia unaoning’inia.

Nampenda baba yangu na ninamshukuru kwa kila senti ya karo. Lakini nasikitika kwamba mtu aliyelijua fumbo la kuunganisha mbao mbili bila msumari mmoja alikufa akiamini kwamba ujuzi wake haukustahili kurithiwa.

Je, yawezekana kuwe na njia nyingine? Mtakatifu Yohane Bosco alifungua karakana zake Turin kuanzia mwaka 1853: washona viatu, mafundi cherehani, wajalidi, maseremala. Alianza na jambo ambalo sisi hulisahau: aliketi na waajiri akatia sahihi mikataba, ili mwanafunzi asipigwe, asitumikishwe kazi zisizo za ufundi wake, na alipwe. Wanawe Wasalesiani walipofika Shillong, kaskazini mashariki mwa India, mwaka 1922, shule ya ufundi ilikuwa miongoni mwa kazi zao za kwanza. Katika miaka ya 1980 walikuja Tanzania, baadhi yao wakitoka huko huko India, wakafungua vyuo vya ufundi Iringa na Dodoma. Hapa Mwanza pia hatukukosa mifano. Mwaka 1960, wakati wa Askofu Yosefu Blomjous, Nyegezi ilipata chuo cha mafunzo ya jamii, na mwaka 1998 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, imefundisha wauguzi na matabibu wengi. Huko ujuzi wa mikono haukuachana na elimu ya ndani, na hakuna mama anayelia mwanawe akichaguliwa Bugando.

Serikali nayo imerudi katika swali hili. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka mkondo wa amali katika sekondari sambamba na mkondo wa jumla. Nauombea ufanikiwe. Lakini historia inatuonya: mkondo wa amali ukijazwa wale tu waliokosa nafasi kwingine, bila hesabu, bila vifaa na bila walimu hodari, tutakuwa tumeirudia miaka ya 1920 na ya 1970 kwa jina jipya.

Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi, takriban kilometa 3 juu ya maji, si mbali na Bukumbi ya mwaka 1883. Tunapolivuka tunawasifu wahandisi, na ni haki. Lakini chuma hakikujichomelea chenyewe, wala zege halikujimwaga lenyewe. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anawataja mfinyanzi na mhunzi. Anakubali kwamba hawaitwi kwenye baraza la wakubwa, ila anasema kwamba bila wao hakuna mji unaokaliwa. Na wazee wetu walisema: Achanikaye kwenye mpini hafi njaa.

Sasa niungame. Kila mwaka matokeo yakitoka huyasoma majina ya vijana wetu waliochaguliwa kwenda kidato cha tano, baada ya Komunyo, nanyi mnapiga makofi na vigelegele. Sijawahi hata mara moja kulisoma jina la kijana aliyemaliza useremala, uashi, umeme au ushonaji. Nilidhani ninawatia moyo watoto. Kumbe nilikuwa nikisimika ile ile ngazi.

Dominika ijayo majina hayo yatasomwa pamoja, katika orodha moja. Wazazi wenye vijana waliohitimu ufundi walete majina ofisini kabla ya Ijumaa. Na yule kijana wa juma lililopita nimemtumia ujumbe arudi, safari hii bila mama yake. Mlango wa sakristia bado unaning’inia. Nimemwalika fundi mmoja mzee, mwanafunzi wa marehemu baba yangu, aje na randa yake. Tutajifunza wote wawili.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee. Nawatakia Dominika njema.