Fedha iliyokolea

Wengi kule Adu, Magarini, wakikuta katika kasha la bibi rupia ya fedha yenye rangi ya zambarau na samawati, husema imeshika kutu. Neno hilo haliifai. Kutu hula chuma mpaka kikamomonyoka. Fedha hupatana na salfa iliyo hewani, ikavaa utando mwembamba mno. Unene wa utando huo ndio unaoamua rangi: manjano ya dhahabu, kisha zambarau, kisha samawati, mwishowe weusi.

Wengine husema imefubaa. Kufubaa ni kupoteza mng'ao, ilhali sarafu hii imepata rangi ambayo haikuwa nayo. Mimi nasema imekolea, kama tusemavyo rangi ya kitambaa imekolea.

Rupia ya Kihindi, gramu 11.66, ndiyo iliyotumika huku hadi 1920. Ndiyo pia waliyotozwa Wagiriama baada ya upinzani wao wa 1914 dhidi ya utawala wa Waingereza: faini ya rupia 100,000. Basi sarafu hizi ni kumbukumbu zetu.

Ukitaka kuipiga picha, ishike ukingoni, zima flashi, kaa karibu na dirisha, kisha iinamishe kidogo kidogo. Rangi huonekana pale mwanga unapoakisiwa kuelekea kamera. Ukiilaza vibaya utapata picha ya duara jeusi.

Nakuomba, msomaji, usiisugue kwa majivu wala ndimu. Utando ukitoka, rangi hiyo hutoka nao, na thamani ya sarafu kwa wakusanyaji hushuka.